Buti la Kushoto

"Fungua mdomo," alisema Afande.

Kinyozi alifungua. Wateja wawili walikuwa benchini kwenye baraza ya nyumba yake wakisubiri zamu, wa tatu amekwisha kukaa kitini na shuka shingoni, na mbele ya hao wote mtu mzima mwenye wajukuu aliachama kama kifaranga anayengoja kulishwa. Afande, ambaye ni mkewe, akasogeza pua, akanusa, akatulia kidogo kama anayepima jambo, akanusa tena.

"Dawa ya meno hiyo," alisema Kinyozi, mdomo ungali wazi.

"Sijakuuliza."

Mifuko ya suruali ikapinduliwa nje, kisha ya koti jeupe la kazi. Vidole vya Afande vikapita kwenye pindo na ndani ya ukosi. Akafungua kopo la poda, akalitikisa sikioni. Akachomoa droo ya nyembe. Alipofika kwenye kiti cha kuzunguka, yule mteja aliyekikalia aliinua kalio moja bila kuambiwa, halafu la pili, Afande akapitisha mkono chini ya mto. Wateja wa pale walikuwa wameuzoea utaratibu. Wageni ndio waliodhani wamevamiwa.

"Safi," alitangaza Afande, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo.

"Basi nifungue pingu nifanye kazi."

Wateja wakacheka. Kinyozi naye alicheka, lakini alicheka akiwa amewageuzia mgongo, anafuta wembe ambao haukuwa na uchafu wowote.

Afande alistaafu kazi ya jela, upande wa wanawake, akiwa na cheo na magoti mabovu. Sare waliichukua wenyewe. Mabuti alibaki nayo, na hakuna aliyethubutu kumdai. Mtaa mzima ulimwita Afande, hata watoto aliowazaa, na ukimuuliza mumewe jina lake halisi alikuwa anafikiri kwanza. Siku daktari alipomwambia Kinyozi kwamba ana kisukari, mgonjwa alilia, akanywa maji, akalala. Aliyekesha ni Afande. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kutoa nyumbani kila kitu kitamu: sukari, asali, jamu, biskuti za wageni, ndizi mbivu, hata chupa ya dawa ya kikohozi. Majirani walifaidi wiki nzima.

Badala ya utamu aliweka shibe. Alimpikia mumewe wali wa kujaza sahani mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Alimpa mkate mweupe asubuhi, viazi mchana, wali tena jioni. "Kula ushibe," alimwambia, "mtu aliyeshiba hatamani." Kinyozi alikula akashiba. Na kila alipokwenda kliniki, mashine ilitoa namba kubwa kuliko ya mwezi uliopita.

Kwa mtu aliyelinda wafungwa maisha yake yote, hapo palikuwa na maelezo ya namna moja tu.

"Kuna magendo humu ndani," alisema Afande. "Nitayapata."

*

Tatizo lilikuwa kwamba Kinyozi hakuwahi kusema jambo likatoka jinsi lilivyo. Aliwahi, kwa maneno yake, kumnyoa abiria juu ya paa la treni inayokwenda, na treni ikipinda kona yeye anapinda nayo, wala hakumkwaruza. Aliwahi kunyoa mzee mwenye ndevu ngumu hata cheche zikaruka, wakawashia sigara. Kuna mteja alisinzia kitini, na alipoamka zile ndevu zilikuwa zimeota upya, ikabidi alipe mara mbili. Watu walikuja kunyolewa kwake kwa sababu ya mdomo zaidi kuliko wembe.

Kwa hiyo aliporudi kutoka kliniki mara ya kwanza na kusema, "Nesi kaniambia niwe natembea na sukari mfukoni," Afande aliweka sufuria chini ili acheke vizuri.

"Endelea," alisema.

"Kweli, mke wangu. Eti hivi vidonge vinaweza kuishusha kupita kiasi. Ikishuka, niilambe haraka."

"Ikishuka! Yako imeshuka lini? Yako inapanda kama kodi ya nyumba. Mgonjwa wa sukari aambiwe atembee na sukari, mlevi naye aambiwe atembee na chupa, eti asije akazidiwa na uzima!"

Alisimulia kichekesho hicho kwa majirani, kwa fundi viatu na kwa mwanamke wa genge. Kila mmoja alicheka. Kinyozi hakulitaja tena jambo hilo.

Sasa siku ya kliniki ilikuwa imefika tena, mchana wa Jumamosi hiyo, na safari hii kulikuwa na makubaliano. Kinyozi ndiye aliyeyaomba, usiku, taa imezimwa, kwa sauti ambayo haikuwa ya barazani.

"Namba ikiwa nzuri, unaacha kunipekua mbele ya watu."

"Na ikiwa mbaya?"

"Nipekue hata msikitini, hata kanisani, popote."

"Haya."

Asubuhi Afande alikuwa amempa mumewe chai isiyo na kitu na vipande vinne vya mkate, akasimama mlangoni kumwangalia anakula. Akaitwa na muuza mkaa. Aliporudi sahani ilikuwa nyeupe na mume anapangusa midomo.

Baada ya upekuzi Afande aliingia chumbani kung'arisha mabuti, kama kila Jumamosi. Lakini leo hakuwa na utulivu. Alikaa kitandani akasimama. Akaenda dirishani akarudi. Alifungua kabati, akakuta tena wale sisimizi, mstari mwembamba ukitoka kwenye ufa wa ukuta, ukipanda mguu wa kabati, ukiingia chini kabisa mahali palipokaa mabuti. Wiki ya pili sasa. Aliwamwagia majivu, akiwatukana. Alidhani wamefuata mafuta ya rangi ya viatu. Mtu ambaye angeweza kunusa pipi moja ndani ya bweni la wanawake hamsini aliwaangalia sisimizi wakiingia ndani ya buti lake mwenyewe, akaona hao hawana adabu tu.

Hakupata nafasi ya kuligusa buti. Kelele zilianza barazani.

*

"Tulia wewe! Unatingisha kichwa makusudi!"

Ilikuwa sauti ya Kinyozi. Afande alisimama na brashi mkononi. Kwa miaka yote aliyoishi na mtu yule, hakuwahi kumsikia akimkemea mteja.

"Nimetulia, ndugu yangu," alijibu mwingine kwa upole. "Ni mkono wako huo."

Wale wateja wa mwanzo walikuwa wamekwisha kuondoka. Kitini alikaa Dereva, rafiki wa Kinyozi tangu ujana, mstaafu wa mabasi. Shavu moja lilikuwa limenyolewa, la pili limejaa povu, na alikuwa ameegemea nyuma kadiri kiti kilivyomruhusu, kwa sababu wembe ulikuwa ukicheza mbele ya koo lake kama jani.

"Shemeji," alisema Dereva bila kusogeza taya, "njoo taratibu."

Afande aliuchukua ule wembe kwenye vidole vya mumewe. Havikumbishia. Uso wa Kinyozi ulikuwa umelowa, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, koti limegandana na mgongo, na hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi.

"Sukari," alisema Kinyozi.

Afande akakunja mikono kifuani. Kumbe ndiyo hii. Saa chache kabla ya kipimo, na mtu amejitungia ugonjwa ili apewe kitu. Jela alikuwa ameona kifafa cha kuigiza, mimba ya mto, na mwanamke mmoja aliyekuwa anakufa kila siku ya kazi za shamba na kufufuka saa ya chakula.

"Umeanza," alisema. "Mbele ya wageni."

"Sukari."

"Hamna. Simama wima."

Kinyozi alijaribu kusimama wima, akashika ukingo wa meza, chupa ya spiriti ikaanguka. Afande alimgeuzia mgongo. Huo ulikuwa ujanja wake wa zamani, na haukuwahi kumwangusha: ukimgeuzia mgongo anayejisingizia, lazima achungulie aone kama umeshaamini. Alimwangalia kupitia kioo kikubwa cha ukutani, akingoja macho yale ya kijanja yaibe mtazamo.

Hayakuiba. Kinyozi alikuwa akiitazama brashi ya povu iliyokuwa mezani, brashi aliyoishika kila siku ya maisha yake, kama mtu anayejaribu kukumbuka kazi yake ni nini.

Kuna kingine kilichomchoma Afande moyo kabla akili haijafika. Sukari. Neno moja. Mtu huyu angetaka kudanganya, angekwisha kusema kwamba amemwona marehemu babu yake kapanda pikipiki, kwamba miguu imegeuka sponji, kwamba nesi mkuu alimtokea kwenye kioo. Uongo wa Kinyozi ulikuwa na vyumba na madirisha. Hili lilikuwa neno tupu.

"Mzee," alimwita. "Hebu nidanganye kitu."

Kinyozi alimtazama. "Nini?"

"Chochote. Lile la treni."

"Treni gani?"

Afande akamshika bega.

Dereva alikuwa ameruka kutoka kitini. Alivuta taulo kwenye kikapu ajifute povu, na taulo lilipofunuka, mkate ulimwagika sakafuni: vipande vya leo, laini, na vya jana vilivyokauka, na tonge la wali lililofungwa kwenye karatasi.

Wote wawili waliutazama mkate.

"Hajala," alisema Afande.

"Shemeji, nisamehe. Jana aliniambia. Kasema leo ataipiga chenga ile mashine. Hajala kitu tangu jana mchana, na vidonge anameza viwili viwili. Sasa mimi, kwa uongo wa huyu, ningejuaje kwamba hili moja ni la kweli?"

"Kimbia dukani! Lete sukari, lete soda, lete chochote!"

Dereva alitoka mbio na shuka shingoni, nusu ya uso nyeupe. Watu wa barabarani walimpisha.

Afande aliingia jikoni. Alifungua kabati la vyombo, akafunga, akafungua tena. Chumvi. Unga. Mchele, gunia zima la mchele. Majani ya chai. Aliinua kila kopo na kila kopo lilikuwa safi, limeoshwa, limekaushwa, kazi ya mikono yake. Hakuna askari aliyewahi kusafisha bweni namna ile. Alipiga kelele dirishani kuita jirani. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Kutoka barabarani alimsikia Dereva akigonga bati la duka na kuapiza: mwenye duka kaenda kuchukua mzigo.

Alirudi barazani. Kinyozi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kichwa kinainama na kuinuka.

"Usilale! Baba yao, usilale! Uliificha wapi? Najua ulificha. Sema, nakuapia sikufanyi kitu!"

Midomo yake ilitafuta neno muda mrefu.

"Buti."

"Buti gani?"

"Lako." Akameza mate. "La kushoto."

Magoti mabovu ya Afande yalisahau ubovu wao. Aliling'oa buti kabatini, akalipindua juu ya kitanda, na pamoja na majivu na sisimizi vikaanguka vile vipakiti vidogo vya karatasi wanavyotoa mikahawani pamoja na chai, vingi, vimebanwa kwenye ncha ya buti, havijafunguliwa hata kimoja isipokuwa viwili walivyotoboa sisimizi.

Alivichana kwa meno. Alivikoroga kwenye maji ndani ya kikombe cha kunyolea, akampigia magoti mumewe, akamshika kisogo. "Kunywa. Meza. Tena. Meza, mfungwa wewe, meza." Nusu ilipita mdomoni, nusu kwenye koti. Alichana vingine. Hakujua kama anamwokoa au anammalizia. Kila alichokijua kuhusu sukari kilikuwa kikimwambia kwamba anamlisha sumu, na aliendelea kumlisha.

Dereva alirudi mikono mitupu, akasimama mlangoni, povu limekaukia shavuni.

Wakakaa hivyo. Jasho la Kinyozi lilianza kupungua, kwanza kwenye paji la uso. Vidole vikaacha kucheza. Macho yakazunguka chumba, yakakutana na kioo, na kiti, na Dereva.

"Wewe," alisema, "nani kakunyoa vibaya hivyo?"

Dereva alicheka huku analia. Afande hakucheka.

"Nilikuwa nimeshafika getini," aliendelea Kinyozi, sauti nyembamba, anaokota maneno mojamoja. "Mlinzi kanizuia. Ana ndevu... ndevu za kufika magotini. Kasema, hebu rudi kalete wembe."

Hapo ndipo Afande alipoinamisha uso kwenye bega la lile koti lililolowa, na mabega yake mapana yakatikisika. Kisha akainuka, akaokota mkate wa leo sakafuni, akaukung'uta vumbi, akamtia mumewe mkononi.

"Kula. Halafu twende hospitali."

*

Nesi wa kliniki alikuwa binti mwenye macho ya uchovu na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimtoboa Kinyozi kidole, akasoma namba, akamtoboa tena. Akaagiza abaki kitandani mpaka jioni, apimwe mara kwa mara, kwa kuwa vidonge alivyozidisha vilikuwa bado vinafanya kazi na ingeweza kushuka upya.

"Nani alimpatia sukari?"

"Mimi," alisema Afande. Alikuwa amesimama. Alipewa kiti akakikataa, akapewa tena akakikalia kwenye ukingo.

"Umemwokoa, mama. Nilimwambia tangu mwanzo asiache kutembea nayo."

Kinyozi kitandani alitazama dari kwa unyenyekevu mkubwa sana.

"Ni wewe ulimwambia," alisema Afande polepole.

"Nawaambia wote wanaotumia dawa hizi. Angalia, mama. Chakula kikishameng'enywa tumboni, kingi kinakuwa sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho inatoa kitu kinaitwa insulini, ndicho kinachofungua milango ya mwili ili sukari itoke kwenye damu iingie ndani, itumike. Kwa mzee milango imekuwa migumu, sukari inarundikana njiani. Ikizunguka hivyo miaka, inakula mishipa, macho, figo, miguu. Sasa kidonge kinaisukuma kongosho itoe insulini zaidi. Akimeza na asile, insulini inafagia hata kile kidogo kilichopo kwenye damu. Na ubongo hauna ghala. Ukikosa sukari muda mfupi tu, mtu anatetemeka, anakuwa mkali, anachanganyikiwa, anazimia."

"Lakini nyumbani kwangu hamna sukari. Mwaka mzima. Na namba inapanda. Sasa inapandia wapi?"

"Anakula nini?"

Afande alitaja. Alitaja kwa fahari mwanzoni, kama anayetoa ripoti: mkate, viazi, wali mchana ukibaki, wali usiku. Alionyesha kwa mikono ukubwa wa sahani. Kadiri nesi alivyonyamaza, ndivyo mikono ile ilivyokaribiana, mpaka ikabaki mapajani.

"Wali mwingi namna hiyo, mama, ukifika tumboni ni sukari. Na mkate mweupe. Na viazi. Havina utamu mdomoni, lakini damu haijui ladha. Si kwamba aviache. Apunguze. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wali, na robo maharage au samaki. Na atembee baada ya kula. Dozi nitamwambia daktari aipitie."

Nje ya pazia mtu alikohoa, kitanda cha magurudumu kikapita. Afande aliinuka, akanyoosha shuka la mumewe, akalinyoosha tena pale palipokwisha kunyooka.

"Vile vipakiti vilikuwa havijafunguliwa," alisema hatimaye, bila kumwangalia.

"Dereva aliniletea. Vilikuwa vya dharura."

"Hukulamba hata kimoja?"

"Kimoja nililamba." Akafikiri. "Siku ulipomsimulia fundi viatu. Kwa hasira."

"Na kwa nini buti langu?"

"Ulipekua nyumba nzima, Afande. Nikajiuliza, mtu huyu ni nani ambaye hawezi kumshuku?"

Alitaka kumjibu. Alifungua mdomo wazi kabisa, kama yeye alivyomfungulisha mwenzake asubuhi, na hakukuwa na kitu ndani.

*

Jumamosi iliyofuata baraza ilijaa. Habari zilikuwa zimesambaa, na kila mtu aliota ndevu haraka ili aje kusikiliza. Kinyozi alikuwa amefika mahali ambapo yule mlinzi wa getini ananyolewa huku malaika wawili wanamshikia kioo.

"Na hiyo sukari ulikuwa umeificha wapi?" aliuliza mmoja.

"Kwenye kopo la poda," alijibu Kinyozi, papo hapo, bila hata kupepesa.

Chumbani, Afande alisikia. Alikuwa amekaa kitandani na kitambaa na rangi ya viatu. Mfukoni mwa koti la mumewe alikuwa ameweka vipakiti vingine, waziwazi, na vingine kwenye droo ya nyembe. Kuhusu buti hakuna aliyesema neno, si yeye wala mwenzake.

Alichukua la kulia. Safari hii akaingiza mkono mpaka nchani, akalisugua nje hadi likaonyesha dirisha. Akachukua la kushoto. Sisimizi mmoja alikuwa anatembea juu ya kisigino, peke yake, ana haraka zake. Mkono wa Afande ulifika kwenye mdomo wa buti na vidole vikaingia kidogo, vyenyewe, kwa mazoea ya maisha. Vikasimama. Viliwasha, kwa kweli viliwasha mpaka kwenye kiwiko.

Akavitoa. Akaling'arisha buti la kushoto nje tu, kwa muda mrefu kuliko la kwanza, na kulirudisha kabatini bila kuliinamisha.

Kisha akapakua chakula: mboga nusu sahani, maharage, na wali ambao kijiko kisingeweza kusimama ndani yake hata kwa kushikiliwa. Akabeba mpaka barazani. Alipotokea mlangoni mazungumzo yalikatika. Kinyozi alishusha wembe, akaanza kufungua vifungo vya koti. Na mteja aliyekuwa kitini, mtu mnene mwenye heshima zake, aliinua kalio moja.

"Kaa," alisema Afande.

Mteja alimtazama kwa wasiwasi, kalio likiwa bado juu.

"Kaa tu, baba. Hamna kitu." Akaweka sahani mezani, kando ya kopo la poda. "Na wewe, mzee, funga koti lako ule. Watasubiri."

Hakuondoka. Alisimama pale akimwangalia anakula, na kwa kuwa mikono yake haikujua iende wapi, aliipeleka nyuma ya mgongo, akaishika mmoja kwa mwingine, kwa nguvu.